Injini ya Moto Inapodhaniwa Kuwa Baridi

Katika mji mdogo wa Maganzo, kando ya barabara ya Shinyanga–Mwanza na jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, kama kwingineko nchini, hutumika magari ya petroli yaliyoundwa Japani. Yale ya miaka ya 1990 huwa na ugonjwa mmoja unaotatiza: injini imekwisha pata moto, lakini gari latoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, na taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Mwenye gari hununua kifaa hiki na kile, na fedha hupotea bure.

Chanzo kimojawapo ni kihisio cha joto la maji, ambacho mafundi hukiita sensa. Ndani yake mna kipande cha nusu-kipitishi kiitwacho themista. Metali ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Themista hii hufanya kinyume, kwa kuwa joto huzifungua elektroni zaidi zibebe mkondo. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo ukinzani huwa omu 2,000 hadi 3,000 katika nyuzi 20 za sentigredi, na omu 200 hadi 400 tu katika nyuzi 80. Kompyuta ya injini husoma badiliko hilo na kuamua kiasi cha petroli. Injini baridi hupewa zaidi, kwani petroli haigeuki mvuke vyema katika baridi.

Waya ukikatika kabisa, kompyuta huona baridi isiyowezekana, nayo huwasha taa. Kutu ni jambo la hila zaidi. Ikiingia katika soketi na kuongeza, kwa mfano, omu 2,000, injini ya nyuzi 80 yenye omu 300 itasomwa 2,300, yaani baridi kama ya alfajiri. Kwa kompyuta hiyo ni hesabu ya kawaida. Haina sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo kupima hutangulia kununua. Kihisio hutafutwa karibu na themostati. Mara nyingi viko viwili: chenye waya mmoja ni cha mshale wa dashibodi, chenye nyaya mbili ndicho cha kompyuta, na si wachache waliobadilisha kisichohusika. Soketi husafishwa kwanza, maana mita iliyogusishwa kihisio chenyewe haiioni kutu iliyo nje yake. Ugonjwa ukibaki, injini huachwa ipoe (mfuniko wa rejeta ukifunguliwa moto, maji huruka na kuunguza), kihisio hufunguliwa na kutumbukizwa ncha katika maji pamoja na kipimajoto. Maji yakipashwa polepole, mwanafunzi ataweza kuchora grafu. Atapata mkunjo, si mstari mnyofu. Maganzo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yatachemka kabla ya nyuzi 100.

Vipimo vikiwa sahihi, kihisio hurudishwa na nyaya huchunguzwa hadi kwenye kompyuta. Vikikosea, huwekwa kipya cha aina ile ile, kikakazwa bila nguvu nyingi, na maji ya rejeta yakajazwa tena.