Nyumba ya miti na udongo

Nyumba ya miti na udongo ni nyumba ambayo watu wa vijijini, hasa katika pwani ya Kenya na Tanzania, hujijengea wenyewe kwa msaada wa majirani. Kwa kawaida ina umbo la mstatili na paa la makuti, nyasi au mabati.

Ujenzi

Kazi hufanyika kiangazi. Kwanza nguzo huchimbiwa ardhini. Boriti za mikoko hupendwa kwa kuwa haziliwi upesi na mchwa. Juu yake hulazwa mitambaapanya, hupandishwa makombamoyo yanayobeba paa, kisha nyumba huezekwa. Baadaye fito hufungwa kwa kamba upande wa ndani na wa nje wa nguzo, na nafasi ya katikati hujazwa udongo uliokandwa kwa maji. Kazi hiyo huitwa kukandika. Paa hutangulia kwa sababu udongo mbichi ukinyeshewa huporomoka.

Kuhamia na matunzo

Udongo ukikauka hupasuka. Hivyo nyufa huzibwa na ukuta husiribwa kwa udongo laini kabla ya wenyewe kuhamia.

Adui mkubwa wa nyumba hii ni maji. Upenu hukinga ukuta na mvua, na baraza ya nje hukinga sehemu yake ya chini. Makuti huchakaa, hivyo ni lazima yabadilishwe kila baada ya miaka michache. Paa likiachwa livuje, ukuta hulowa, nguzo huoza na nyumba huweza kuwaangukia wakazi wake.