CHAKULA CHA MCHANA: TUSILE JASHO LA MAMA

Ndugu wafanyakazi, hapa Jinja kengele ya mchana ikilia, wengi wetu hukimbilia vihoteli vilivyo karibu na lango la kiwanda. Huko tumeona mema na mabaya.

Siku moja tuliingia hoteli yenye meza nzuri za kupendeza. Nyama ilikuwa ya jana, mchuzi vuguvugu. Usiku matumbo yakatusokota. Watatu kati yetu hawakuingia zamu, na ujira wa siku ile wakaukosa.

Ng'ambo ya barabara yuko mama apikaye chini ya turubai. Matoke yake hutoka kwenye majani ya mgomba yakifuka mvuke, mchuzi wa karanga unachemka, maji ya kunywa yamechemshwa. Hakupi sahani kabla hujanawa kwa sabuni. Kwake hatujaugua. Tena hutukopesha mpaka mwisho wa mwezi.

Lakini mwezi uliopita, siku ya mshahara, baadhi yetu tulitokea lango la nyuma kumkwepa. Deni letu ndilo mtaji wake wa ndizi na makaa. Ndugu, anayedai haki kwa mwajiri asile jasho la mama. Tukipokea mshahara, tupitie kwake kwanza.