Fahamu: Je, mti wa kikombe cha Babu hushusha sukari?

Mwaka 2011 magari yaliyojaa wagonjwa yalipita Arusha mjini yakielekea kijiji cha Samunge, Loliondo. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, aligawa kikombe kimoja cha dawa kwa Sh500. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa na kisukari.

Dawa ilichemshwa kwa mizizi ya mugariga, kichaka chenye miiba ambacho Wamaasai hukiita olamuriaki. Wanasayansi hukijua kama Carissa.

Je, kuna ushahidi? Upo, ila ni mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa dondoo ya majani yake ilishusha sukari kwenye damu ya panya wenye kisukari. Angalia: ni majani, si mizizi; ni panya, si watu.

Mimea mingi pia ina kemikali zinazozuia chembe haribifu zinazozidi mwilini sukari ikipanda. Lakini kufanya kazi hiyo ndani ya chupa ya maabara si sawa na kumponya mgonjwa.

Mmea unaweza kuzaa dawa halisi. Metformin, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, chanzo chake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega. Ilichukua miongo kadhaa ya kupima dozi na usalama.

Masapila alifariki mwaka 2021. Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari wako, pima sukari mara kwa mara, na usiache insulini wala vidonge bila ushauri wake.