Mwenye kisukari anaweza kula pizza, lakini achunge saa

Je, mtu aliye na ugonjwa wa kisukari anaweza kualikwa kwenye mkahawa wa pizza, akala na wenzake na kurudi nyumbani salama? Hili ni swali ambalo wagonjwa huniuliza mara kwa mara, hasa msimu wa sherehe unapokaribia. Jibu langu ni ndiyo. Hata hivyo, kuna mambo ambayo ni lazima uyajue kabla ya kuketi mezani.

Pizza si chakula cha wageni peke yao tena. Katika eneo la Malindi, Waitalia walijenga kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco huko Ngomeni miaka ya 1960. Baadaye wakaja watalii na wenye mikahawa, na leo mwenyeji wa Malindi anaweza kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kwenye tanuri la pizza. Miji mingine nayo imefuata.

Baadhi ya wagonjwa wakishaambiwa wana kisukari hukataa kila mwaliko. Wengine huenda, lakini huwaficha wenzao ugonjwa wao. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi.

Usidunge sindano mapema

Hatari ya kwanza huja kabla chakula hakijafika. Insulini ya kawaida, ile iliyo angavu kama maji, hudungwa yapata dakika 30 kabla ya mlo. Nyumbani jambo hili ni rahisi kwa sababu unaona sufuria iko jikoni. Mkahawani mambo ni tofauti. Jumamosi jioni watu ni wengi, na unaweza kungoja saa nzima. Ukijidunga ukiwa nyumbani ndipo uondoke, sukari yako itashuka huku ukisoma menyu.

Vidonge kama glibenklamaidi vinaweza kuleta shida hiyo hiyo ukivimeza kisha chakula kikachelewa. Kwa hivyo, mwulize mhudumu chakula kitachukua muda gani. Usitumie dawa ya mlo huo hadi uwe na hakika kwamba chakula ki karibu kuletwa. Ikiwa hujui dawa yako iko kundi gani, mwulize daktari wako kabla ya siku hiyo.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Ukiziona, kunywa mara moja nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Soda hiyo iwe yenye sukari halisi. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa sukari bado iko chini, rudia. Usingoje pizza ije kukuokoa, kwani mafuta yaliyomo huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Sukari inayochelewa kupanda

Sifa hiyo ya mafuta ndiyo huleta hatari ya pili. Kwa kawaida ukila mkate mtupu, sukari hupanda upesi. Pizza ina wanga mwingi pamoja na mafuta ya jibini, na tumbo hukawia kuisukuma mbele. Unaweza kupima baada ya saa mbili ukaona namba nzuri, ukafurahi, kumbe sukari itapanda usiku wa manane. Pima tena kabla ya kulala. Ukiikuta iko juu, usiongeze sindano kwa kubahatisha. Fuata maagizo uliyopewa na daktari.

Jambo la msingi ni kiasi. Kulingana na kanuni za wapishi wa Naples, donge la unga la pizza moja huwa na uzito wa gramu 200 hadi 280. Wanga uliomo ni takriban sawa na wa slesi saba au nane za mkate. Basi agiza pizza moja mle watu wawili, na mwanze kwa sahani ya saladi. Badala ya soda, kunywa maji, kwa kuwa chupa ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane vya chai vya sukari.

Chumvi na presha

Wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Pizza nzima yenye jibini nyingi, salami na zeituni inaweza kukupitisha kiwango hicho kwa mlo mmoja. Afadhali uchague iitwayo marinara. Jina hilo huwafanya watu wadhani ina samaki, lakini ni nyanya, kitunguu saumu, majani ya oregano na mafuta ya zeituni, bila jibini. Ile ya mboga pia ni nzuri, ukiomba wapunguze jibini.

Waambie wenzako

Kwa wanaokunywa divai, jihadharini sana. Pombe huzuia ini kutoa sukari katika damu, na anayetumia insulini au glibenklamaidi anaweza kuishiwa na sukari saa kadhaa baadaye, akiwa usingizini.

Mtu ambaye sukari yake imeshuka huongea ovyo, hupepesuka na kusinzia. Akiwa kwenye meza yenye chupa ya divai, watu husema amelewa, mwacheni alale. Kumwacha hivyo kunaweza kumwua. Kwa sababu hiyo, angalau mmoja wa mnaoketi naye ajue kwamba una kisukari na ajue la kufanya. Ukiwa bado unaweza kumeza, akupe kitu kitamu. Ukiwa umezirai, asikumiminie chochote mdomoni, bali akulaze kwa ubavu na kukupeleka hospitali mara moja.

Kisukari si aibu. Mwambie mwenzako kabla hamjaagiza chakula.