Mgonjwa wa figo: Mwangalie pia anavyoinuka kitini

Baba amerudi kutoka kusafisha damu. Watoto wanamzunguka na maswali: Presha ilikuwaje? Wametoa maji kilo ngapi? Damu imepanda? Yote ni maswali ya maana. Lakini ni nadra mtu kuuliza kama baba bado anaweza kuinuka chooni bila kushika ukuta, au kupanda daladala bila kuvutwa mkono.

Swali hilo lina uzito wake. Mgonjwa anaweza kuwa na majibu mazuri ya maabara huku miguu yake ikiisha nguvu kidogo kidogo, mpaka siku anayoanguka bafuni ndipo familia inashtuka.

Wagonjwa wengi husafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Wakitoka hapo huwa wamechoka, hivyo siku inaishia kitandani. Misuli isiyotumika hupungua. Ugonjwa nao huchangia: asidi ikizidi mwilini huvunja protini ya misuli, upungufu wa damu huchosha, na wengi hukosa hamu ya kula. Mizani nayo inaweza kudanganya, kwa kuwa nyama ikipungua na maji yakaongezeka, kilo hubaki zilezile.

Ndiyo maana wataalamu hupima pia uwezo wa mwili kufanya kazi, kwa vipimo rahisi. Cha kwanza ni cha kiti: mgonjwa hukunja mikono kifuani, kisha huinuka na kukaa mara 5 huku muda ukihesabiwa. Cha pili ni kutembea mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, wataalamu wengi huhesabu kuwa mwendo wake umepungua. Kingine ni kutembea dakika 6 na kupima umbali aliofika. Nguvu ya mkono hupimwa kwa kubana kifaa maalumu, na kwa kawaida hutumika mkono usio na mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine.

Vipimo hivi hufaa kufanywa kabla ya kusafisha damu au siku ya mapumziko, kwani mara baada ya mashine presha inaweza kushuka na mgonjwa akapata kizunguzungu. Kila vinaporudiwa, hali iwe ileile, ili mgonjwa alinganishwe na alivyokuwa yeye mwenyewe. Mwongozo wa Marekani wa KDOQI wa mwaka 2005 unashauri tathmini hiyo irudiwe angalau kila baada ya miezi 6.

Faida yake ni kwamba nguvu iliyopungua inaweza kurudi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 296 wanaosafishwa damu. Waliopewa mpango mwepesi wa kutembea nyumbani waliongeza umbali wa dakika 6 kutoka wastani wa mita 328 hadi 367 katika miezi 6. Wenzao ambao hawakupewa mpango huo walibaki karibu palepale, kutoka mita 321 hadi 324.

Hapo ndipo familia inapoingia. Kwa upendo, wengi humnyang'anya mgonjwa kila kazi: mama hachambui tena mchele, hakunji nguo, hata maji ya kunywa analetewa alipoketi. Huko ni kumdhoofisha bila kujua. Mwachie anachokiweza, na siku asiyokwenda hospitali msindikize atembee kidogo, baada ya daktari wake kuridhia. Akipata maumivu ya kifua, akaishiwa pumzi au kuanguka, asilazimishwe. Apelekwe hospitali.

Kwenye daftari mnaloandikia presha, andikeni pia mambo haya: ameinuka mwenyewe au ameinuliwa, amefika dukani au ameishia mlangoni. Mkienda kliniki, mwonyesheni daktari.