Mwalimu wa Fasihi Katika Kongamano la Kiswahili

Makala hii inadhamiria kumwelekeza mwalimu wa shule ya upili ambaye hajawahi kuhudhuria kongamano la kitaaluma la Kiswahili. Aghalabu mwalimu huyu hujiona mgeni miongoni mwa maprofesa, akaketi nyuma na kurudi kwake bila kutamka neno. Hali wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwalimu, wewe utawaletea nini wenyeji wako?

Kwanza, fahamu utaratibu. Makongamano kama ya CHAKITA, chama kilichoundwa nchini Kenya mwaka 1998, hutanguliwa na wito wa makala. Anayetaka kuwasilisha hutuma ikisiri, yaani muhtasari wa hoja yake. Siku yenyewe, kila mtoa makala hupewa muda mfupi, kisha mwenyekiti wa kikao hukaribisha maswali. Si lazima uwe na makala ndipo uulize. Isome ratiba mapema, uchague vikao vinavyohusu tanzu unazofundisha.

Pili, nenda na swali la darasani. Chukua mfano wa ushairi. Mtahiniwa akikutana na shairi huru katika Karatasi ya 102/3, huenda akaandika kuwa "halina vina", akadhani amelihakiki. Kauli hiyo ina historia. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, wahakiki walikuwa wakivutana: baadhi walishikilia kuwa vina na mizani ndivyo vinavyolifanya shairi kuwa shairi; wengine wakapinga. Mhadhiri anaijua historia hiyo. Wewe unajua inavyomkwaza mwanafunzi. Basi uliza: nimfunzeje aeleze kile ambacho umbo huru linafanikisha, badala ya kuorodhesha kile linachokosa? Swali hilo halihitaji shahada ya uzamili.

Tatu, rudi na kitu. Mwongozo wa tamthilia au riwaya hutoa fasiri moja. Ukumbini utawasikia wahakiki wawili wakifasiri kifungu kimoja kwa njia mbili, kila mmoja akitoa ithibati kutoka katika matini. Waoneshe watahiniwa wako mvutano huo ili wajue kuwa jibu la fasihi hutetewa, halikaririwi tu. Nawe unaposahihisha, ukumbuke. Ukilinyima alama jibu lenye ithibati kwa kuwa halimo mwongozoni, umemnyima mwanafunzi haki yake.