Keloide: kovu lenye halijui kuacha

Mutu anatoboa sikio, kidonda kinapona, kisha miezi inapita na pale panaota kinundu kigumu chenye kuwasha. Wengine wanasema amerogwa. Hapana.

Ngozi ikijeruhiwa, seli za mwili zinatumiana ujumbe. Mmoja, TGF-beta, unaamuru seli za ngozi zitengeneze kolajeni, nyuzi za kuziba pengo. Kidonda kikifunga, ujumbe ule unapaswa kupungua. Kwa mwenye keloide unaendelea tu, kolajeni inarundikana mpaka nje ya alama ya kidonda.

Ndiyo maana kuikata kwa wembe nyumbani ni hatari: ni kidonda kipya, ujumbe unaanza tena, na mara nyingi keloide inarudi kubwa kuliko ya kwanza. Hospitalini, munganga anaweza kuchoma sindano ya kortikoidi ndani ya kinundu, mara kadhaa, ili kipungue.